Namba binafsi ya gari ya marehemu aliyefia nje ya Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hunifikia kwa simu na kwa jumbe za WhatsApp, na karibu yote yanaanza kwa namna moja. Baba, au mjomba, au mume, alikata tiketi ya wiki tatu kwenda nyumbani kusalimia, akaugua huko, akazikwa huko. Gari lake limebaki Uingereza, limeegeshwa mbele ya nyumba au kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, likiwa na namba aliyoinunua kwa hamu kwa sababu inasomeka kama jina lake. Sasa familia inataka namba ile ibaki kwenye ukoo.

Mimi si mwanasheria. Nimezipitia karatasi hizi mara mbili kwa ajili ya watu wangu wa karibu. Mara ya kwanza tulikosea, mara ya pili tulipatia. Yaliyo hapa chini yanahusu namba zilizosajiliwa na DVLA, wakala wa serikali wa magari na leseni wenye makao yake Swansea. Namba binafsi za Kenya au Tanzania zina taratibu zake, na sizigusi hapa.

Namba ile ni mali ya marehemu au ni ya serikali?

Vyote viwili kwa kiasi fulani, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Namba yenyewe ni ya serikali. Alichonunua marehemu ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina thamani, inarithika, na inaweza kuuzwa.

Haki hiyo hukaa katika mojawapo ya sehemu mbili. Namba ikiwa imefungwa kwenye gari, DVLA humtambua mtu ambaye jina lake limo kwenye logbuku ya gari hilo, yaani fomu V5C, ile ambayo Watanzania tungeiita kadi ya gari. Namba ikiwa haipo kwenye gari lolote, haki imo kwenye cheti. Cheti V750 hutolewa kwa namba mpya iliyonunuliwa na ambayo haijawahi kuwekwa kwenye gari. Cheti V778 hutolewa kwa namba iliyotolewa kwenye gari ikahifadhiwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, jua namba ya marehemu iko wapi: kwenye gari au kwenye karatasi? Nusu ya maswali hujibika hapo.

Tumepata habari ya msiba leo. Kitu gani hakiwezi kusubiri?

Mazishi kwanza. Namba haikimbii siku mbili tatu. Ila kuna jambo moja la kuwaambia wote wenye ufunguo wa lile gari, leo hii, kabla ya watu kutawanyika: gari lisiuzwe, lisipelekwe kwa wanaonunua vyuma chakavu, lisipakiwe kwenye meli, wala lisikabidhiwe kwa kampuni ya bima au ya mkopo, mpaka namba iwe imeshughulikiwa.

Namba hulifuata gari. Ukiuza gari likiwa na namba, namba imekwenda kwa mnunuzi, na DVLA haitakurudishia kwa sababu tu hukujua. Gari likisagwa na namba ikiwa bado juu yake, haki imekufa pamoja na gari.

Hili ndilo lililotupata mara ya kwanza. Binamu yangu alikuwa na nia njema kabisa. Familia ilihitaji fedha za nauli ya watu wanne kwenda mazikoni, naye akaliuza gari la marehemu kwa mfanyabiashara mmoja ndani ya saa ishirini na nne, kwa bei ya gari la kawaida la umri ule. Hakuna aliyefikiria namba. Wiki sita baadaye tuliiona namba ile ikitangazwa peke yake kwa bei iliyozidi ile tuliyolipwa kwa gari zima. Yule mfanyabiashara hakuvunja sheria yoyote. Tulimpa wenyewe.

Kifo kimesajiliwa nje. DVLA itakikubali cheti cha huko?

Kifo husajiliwa kwanza katika nchi kilipotokea, na cheti cha nchi hiyo ndicho hati yako ya msingi. Kikiwa kwa lugha nyingine isiyo Kiingereza, ambatisha tafsiri iliyothibitishwa na mfasiri anayetambulika. Usitafsiri mwenyewe hata kama Kiingereza chako ni cha chuo kikuu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kutuma kibali cha mazishi. Kibali cha mazishi ni karatasi ya kuruhusu maiti izikwe, na mara nyingi ndiyo karatasi pekee ambayo familia inaondoka nayo, kwa sababu mazishi yameisha na kila mtu anarudi kazini. Cheti cha kifo ni hati nyingine, hutolewa na msajili wa vizazi na vifo: kwa Tanzania Bara ni RITA, kwa Kenya ni idara ya usajili wa raia, kwa Uganda ni NIRA. Kama kuna mtu wa familia bado yuko huko, mwombe asipande ndege kabla hajakipata, na achukue nakala kadhaa zilizothibitishwa. Benki itataka moja, mahakama itataka moja, watu wa pensheni watataka moja, na DVLA nao. Kukifuatilia cheti ukiwa Leicester kupitia kwa shemeji ambaye hapokei simu ni kazi ya miezi.

Angalia pia majina. Marehemu anaweza kuwa na majina matatu kwenye cheti cha kifo na mawili kwenye logbuku, au Mohamed huku na Muhammad kule. Likitokea hilo, eleza tofauti hiyo waziwazi kwenye barua na uambatishe nakala ya pasipoti. Usingoje waulize.

Ni lazima kukisajili kifo kwa serikali ya Uingereza pia?

Si lazima. Kama marehemu alikuwa raia wa Uingereza familia inaweza kuomba kifo kiandikwe pia katika kumbukumbu za Uingereza, na faida yake ni kwamba unaweza kupata cheti cha mtindo wa Uingereza siku zijazo. Kwa suala la namba ya gari pekee, sioni sababu ya kulipia.

Niliambiwa kuna huduma moja inayowaarifu wote kwa mkupuo. Kwa nini sipati namba ya kuingilia?

Hiyo ni Tell Us Once, na ni huduma nzuri, lakini namba yake ya kumbukumbu kwa kawaida hutolewa na msajili wa Uingereza unapokwenda kusajili kifo ofisini kwake. Kifo kilichosajiliwa Arusha hakikupitia kwake. Hivyo andikia DVLA moja kwa moja. Na hata walioweza kuitumia huduma hiyo wasidhani imemaliza habari ya namba: inawaarifu DVLA kwamba mtu amefariki, haiwaambii familia inataka namba iende wapi.

Nani ana haki ya kusaini?

Hapa ndipo penye uzito wote. Si mtoto mkubwa, si anayeishi kwenye nyumba ya marehemu, si aliyelipia jeneza.

Kama marehemu aliacha wasia, msimamizi aliyetajwa ndani ya wasia huo ndiye mwenye mamlaka. Kama hakuacha wasia, mahakama humteua msimamizi wa mirathi, na kabla ya uteuzi huo hakuna mtu mwenye mamlaka kamili, hata mjane. England na Wales ada ya kuomba hati hiyo ya mahakama ni pauni 300 tangu Mei 2024, na mali yote ikiwa haizidi pauni 5,000 hakuna ada. Scotland wana utaratibu wao kupitia mahakama ya sheriff, na hati yao ina jina lingine, lakini kazi yake ni ileile.

Kwa mali ndogo, si kila mara lazima uwe na hati ya mahakama ili DVLA ikusikilize. Wasia pamoja na cheti cha kifo na barua iliyoandikwa vizuri huweza kutosha. Lakini namba ikiwa ya thamani kubwa, au familia ikiwa haielewani, pata hati ya mahakama kwanza.

Neno moja kuhusu wenza wasio na ndoa. Sheria ya England na Wales kwa asiye na wasia haimpi chochote mwenza ambaye hawakufunga ndoa, hata kama waliishi pamoja miaka ishirini. Na ndoa ya kidini iliyofungwa Uingereza bila kusajiliwa kiserikali inaweza kukuweka kwenye kundi hilohilo. Nimemwona mama mmoja akiligundua hili akiwa ameshika logbuku mkononi. Kama unalisoma hili na mumeo yu hai, mwambie aandike wasia.

Tumeshafungua mirathi nyumbani na mahakama imeteua msimamizi. Inatosha?

Hati ya mahakama ya Kenya, Tanzania au Uganda haina nguvu moja kwa moja juu ya mali iliyoko Uingereza, na haki ya namba ya DVLA ni mali iliyoko Uingereza. Lakini huhitaji kuanza upya. Ipo sheria ya zamani, ya mwaka 1892, inayoruhusu hati za mirathi kutoka nchi nyingi zilizokuwa makoloni ya Uingereza, zikiwemo hizo tatu, zigongwe muhuri upya na mahakama ya mirathi ya England. Baada ya muhuri huo hati yako hufanya kazi kama iliyotolewa hapa. Kaulize wakili au andikia ofisi ya mirathi, na uwe na nakala iliyothibitishwa na mahakama iliyoitoa. Fotokopi ya dukani haitapita.

Na muhtasari wa kikao cha ukoo? Au uamuzi wa kadhi?

Muhtasari wa kikao cha ukoo ni karatasi ya maana sana nyumbani. Bila huo Mahakama ya Mwanzo mara nyingi haikusikilizi. Swansea hawajui ni kitu gani, hata ukiwa na saini ishirini na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Vivyo hivyo mgawanyo wa kadhi. Familia inaweza, na Waislamu wengi hufanya hivyo, kugawana kwa mafungu ya sheria ya Kiislamu, lakini njia ya kulifikisha hilo DVLA ni kupitia kwa msimamizi anayetambulika na sheria ya Uingereza. Yeye ndiye anayesaini kwamba namba iende kwa fulani. Kwamba aliamua hivyo kwa sababu kikao kilikubaliana, hayo ni ya familia.

Namba iko kwenye gari. Tuna njia zipi?

Njia ya kwanza, ambayo wengi hawaifikirii kwa sababu ni rahisi mno: anayerithi gari ndiye anayerithi namba, basi gari lihamie jina lake na namba ikae palepale ilipo. Hakuna ada ya namba. Ni kubadilisha jina kwenye logbuku tu.

Njia ya pili ni kuihamisha namba kutoka kwenye gari la marehemu kwenda kwenye gari lingine, mathalani la binti yake. Fomu ni V317, ada ni pauni 80.

Njia ya tatu ni kuitoa namba kwenye gari na kuihifadhi kwenye cheti V778 bila kuiweka popote kwanza. Fomu ni hiyohiyo, ada ni hiyohiyo, na siku utakapoiweka kwenye gari hulipi tena. Cheti hudumu miaka 10 na kinahuishwa bure.

Ninaipendelea ya tatu kwa familia ambazo bado hazijakubaliana. Inaitenganisha namba na gari, gari linaweza kuuzwa ili madeni yalipwe, na namba inakaa salama kwenye faili huku watu wakizungumza. Pauni 80 kwa utulivu huo si nyingi.

Ipo pia njia ya kuiachia namba, kuiandikia DVLA kwamba familia haiitaki. Sijaona mtu akiifuata.

Namba ikishatoka, gari la marehemu kwa kawaida hurudishiwa namba yake ya awali, na logbuku mpya hutumwa.

Kwenye bahasha niweke nini?

Logbuku ya gari la marehemu. Fomu V317 iliyojazwa, kama namba inahama au inahifadhiwa. Logbuku ya gari linalopokea namba, kama lipo. Ada. Cheti cha kifo na tafsiri yake ikihitajika. Wasia au hati ya mahakama. Kama namba iko kwenye cheti na si kwenye gari, basi V750 au V778 chenyewe badala ya logbuku ya marehemu.

Halafu barua, na barua ndiyo roho ya bahasha yote. Ile iliyotufanikishia mara ya pili ilikuwa na aya nne, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi. Ya kwanza: mimi ni msimamizi wa mirathi ya fulani, ni baba yangu mzazi, alifariki tarehe hii katika mji huu, nchi hii. Ya pili: alikuwa na gari la aina hii lenye namba hii. Ya tatu: naomba namba itolewe kwenye gari hilo na iwekwe kwenye gari lenye namba hii, lililosajiliwa kwa jina la dada yangu, anwani yake hii. Ya nne: marejesho ya kodi ya gari yalipwe kwa fulani. Chini saini, simu, na orodha ya kila karatasi iliyomo ndani. Hatukusimulia ugonjwa. Hatukusimulia alivyolipenda gari. Anayefungua bahasha anataka kujua nani, nini, kutoka wapi, kwenda wapi.

Wasimamizi wakiwa wawili, wasaini wote wawili. Piga picha kila ukurasa kabla ya kufunga, tuma kwa posta yenye ufuatiliaji, na uisome anwani kwenye ukurasa wa serikali wa mambo ya wafiwa siku hiyohiyo unayotuma, kwani DVLA ina idara nyingi na bahasha iliyopotea njia huchukua majuma.

Mbona nisifanye mtandaoni tu? Logbuku ya baba ninayo na ina tarakimu zote.

Unaweza kujaribiwa, kwa sababu huduma ya mtandaoni inaomba namba ya kumbukumbu ya tarakimu 11 iliyoko kwenye logbuku na haikuulizi kama u hai. Lakini ukiitumia kwa jina la marehemu unatamka kwamba wewe ni yeye. Cheti kitatoka kwa jina lake, kitatumwa kwa jina lake, na siku unataka kukitumia utalazimika kueleza jinsi mtu aliyezikwa Aprili alivyotuma maombi mwezi Juni. Pia ndugu asiyekupenda anaweza kukushitaki. Tumia karatasi.

Logbuku haionekani. Tumepekua nyumba nzima.

Jaza fomu V62 ya kuomba logbuku nyingine, ada pauni 25, na ueleze hali kwenye barua. Lakini pekueni kwanza sehemu tatu: droo ya gari lenyewe, begi alilosafiri nalo, na kwa fundi wake. Marehemu wetu aliiacha kwenye mfuko wa koti lililokuwa kwa dobi.

Namba ya marehemu inaweza kuwekwa kwenye gari langu lolote?

Si lolote. Sheria kubwa ni kwamba namba haiwezi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo. Tuseme marehemu alikuwa na J4 MBO, mfano tu, ambayo kwa jicho la Mswahili inasomeka jambo. Herufi J mbele ni ya magari yaliyosajiliwa tangu Agosti 1991. Basi inaweza kukaa kwenye gari la mwaka 1995 au la mwaka jana, ila si kwenye gari la mwaka 1988. Namba za mtindo wa sasa, uliopo tangu Septemba 2001, zina tarakimu mbili za mwaka katikati, na hizo ndizo zinazowakwamisha watu: namba yenye 57 haiendi kwenye gari lililosajiliwa kabla ya Septemba 2007. Namba za kale zisizoonyesha mwaka hazina kizuizi hiki.

Zaidi ya hapo, gari liwe limesajiliwa Uingereza, liweze kutembea kwa injini yake, liwe la aina inayopaswa kukaguliwa kila mwaka, na liwe limelipiwa kodi au limetangazwa kuwa haliko barabarani, yaani SORN. Gari lililolala kwenye SORN kwa zaidi ya miaka mitano lazima kwanza lilipiwe kodi na kupita ukaguzi huo wa kila mwaka, unaoitwa MOT. Hili huwagusa wenye magari ya kale yaliyofunikwa turubai.

Gari lilikuwa la mkopo, au la kukodi kwa mkataba.

Soma logbuku. Kwa mkataba wa kukodi, jina lililomo mara nyingi ni la kampuni, na bila ushirikiano wao namba haitoki. Waandikie mapema, kabla ya kupanga siku ya kurudisha gari. Kwa mkopo wa kununulia gari kwa mafungu (hire purchase) jina huwa la marehemu lakini gari bado ni la kampuni ya mkopo mpaka deni liishe, nao waarifiwe. Mlinunua namba kwa fedha zenu, kampuni haina sababu ya kubaki nayo, lakini wakishalichukua gari likiwa na namba mtakuwa mnaomba hisani.

Ni hivyohivyo gari likiwa limepata ajali na bima inataka kulifuta. Waambie kwa maandishi, siku ya kwanza: namba ni ya familia, msiliharibu gari kabla haijatolewa.

Tunataka kulipeleka gari Mombasa. Namba itakwenda nalo?

Hapana. Gari likiondoka Uingereza moja kwa moja, litasajiliwa upya huko kwa namba za huko, na ya Uingereza mtaipoteza msipoitoa kabla. Mpangilio ni huu: namba kwanza, subirini logbuku mpya yenye namba ya awali ya gari, kisha karatasi za usafirishaji. Wakala wa meli atawaharakisha kwa sababu kontena linaondoka Ijumaa. Kontena lingine lipo.

Nimekuta cheti cha V778 kwenye makabrasha yake. Gari halipo.

Angalia tarehe ya mwisho, leo. Haki ikiisha muda bila kuhuishwa inapotea, na DVLA huruhusu kuhuisha ndani ya siku 28 za mwisho tu, si mapema zaidi. Ikiwa tarehe iko karibu na hati ya mahakama haijatoka, waandikieni mkieleza msiba; msikae kimya.

Angalia pia majina mawili yaliyomo. Mmoja ni mwenye haki, mwingine, kama yupo, ni mteule, yaani mtu ambaye gari lake liliruhusiwa kuwekewa namba hiyo. Mteule si mmiliki. Kama marehemu alikuwa mteule tu, namba si yake na haimo kwenye mirathi. Kama alikuwa mwenye haki na mteule ni rafiki yake wa zamani, rafiki huyo hana dai, hata akija na picha za gari.

Kodi, bima na faini tufanyeje wakati huu?

DVLA ikiarifiwa kifo, kodi ya gari husimama, na miezi mizima iliyobaki hurejeshwa. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuliendesha mpaka mtunzaji mpya, yaani mtu atakayeandikwa kwenye logbuku, alipe yake. Kama gari liko mtaani, lihamishieni uani kabla ya kutuma bahasha na mtangaze SORN, maana gari lisilo na kodi barabarani hufungwa mnyororo.

Bima piga simu kwanza. Sera iliyo kwa jina la marehemu yaweza kuwa imekoma, hata kama wewe uliorodheshwa kama dereva wa pili.

Kama gari liko kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, ada inaongezeka kila siku. Piga simu, eleza, omba barua pepe ya majibu, na peleka mtu mwenye bima akalichukue. Na namba ikishahamia gari jipya, badilisheni akaunti zote zilizofungwa kwenye namba hiyo, za ada za kuingia London na za daraja la Dartford. Tuliisahau moja, na kwa miezi mitatu safari za dada yangu zililipwa kutoka kadi ya marehemu mpaka benki ilipoifunga. Kisha zikaja faini, kwa jina la marehemu, kwenye nyumba ya mjane.

Namba inahesabiwa kwenye kodi ya mirathi?

Ndiyo. Ni mali kama saa au ng'ombe. Iandikwe kwa bei ya soko ya siku aliyofariki, si bei aliyonunulia. DVLA yenyewe huuza namba kuanzia pauni 250, na nyingi za majina yetu haziko mbali na hapo kwa sababu Waingereza hawazigombanii. Lakini fupi zenye tarakimu chache ni habari nyingine: mwaka 2014 namba 25 O ilinunuliwa kwenye mnada kwa zaidi ya pauni 518,000 pamoja na gharama. Ombeni makadirio ya maandishi kutoka kwa wauzaji wawili na myaweke kwenye faili. Kodi ya mirathi huanza kutozwa mali ikizidi pauni 325,000, kwa asilimia 40, na kinachokwenda kwa mume au mke kwa kawaida hakitozwi.

Wasia unasema "gari langu apewe Yusufu". Namba je?

Swali gumu kuliko yote. Yusufu atasema namba imo kwenye gari, basi ni yake. Wengine watasema baba alimaanisha gari la kupandia. Maneno mengine ya wasia yanaweza kusaidia, na wakati mwingine wakili lazima alipwe asome. Msimamizi asiitoe namba kimyakimya kabla ya kumkabidhi Yusufu gari. Akifanya hivyo na ikaonekana kakosea, atalipa mwenyewe. Wakikubaliana, waandike makubaliano na wasaini wote wanaohusika.

DVLA haiamui ugomvi wa namna hiyo. Wakipata barua mbili zinazopingana, watasubiri mahakama.

Karatasi zimerudi, namba ni yetu. Vibao vya zamani vinafaa?

Vikiwa vizima na vya vipimo halali, vifungueni kwenye gari la zamani na mvitumie. Vingi vya namba za majina vimesogezwa nafasi za herufi ili jina lisomeke, na hilo linaweza kuleta faini ya hadi pauni 1,000, gari kushindwa MOT, na hata namba kunyang'anywa. Vipya tengenezeni kwa muuzaji aliyesajiliwa. Atataka kitambulisho na logbuku au cheti. Msivifunge kabla logbuku au barua ya DVLA haijathibitisha kwamba namba imeshahamia gari hilo, na siku mnavifunga, simu ya kwanza iwe kwa bima.

Vibao vya zamani mnaweza kubaki navyo. Chetu cha nyuma, cha njano, kiko ukutani sebuleni kwa mama, chini ya picha yake, kina mkwaruzo wa siku aliyogonga nguzo ya lango akaapa kwamba ni nguzo iliyosogea.